Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya: vijana wanaoruka insulini ili wakonde watibiwe, wasigombezwe

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri, OR-TAMISEMI,
Mganga Mkuu wa Serikali,
na wote mnaosimamia kliniki za kisukari za watoto na vijana nchini.

YAH: MATIBABU YA MATATIZO YA ULAJI KWA VIJANA WANAOTUMIA INSULINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya kisukari ya watoto na vijana. Ninaowahudumia ni wale wa aina ya kwanza, ambao miili yao haitengenezi insulini na wanaishi kwa sindano. Naandika kuomba jambo moja. Kijana anayepunguza au kuruka insulini kwa makusudi ili apungue uzito atambuliwe kwamba ana ugonjwa wa pili juu ya kisukari, yaani tatizo la ulaji, hofu ya kunenepa inayoharibu namna anavyokula na kujitibu, na magonjwa hayo mawili yatibiwe pamoja, mahali pamoja, na wataalamu wanaokaa meza moja. Kwa sasa kijana huyo anagombezwa, anaandikwa kwenye faili kwamba hafuati ushauri, kisha anarudishwa nyumbani na dozi kubwa kuliko ile ambayo tayari haichomi.

Nieleze jambo lenyewe, maana hata kati yetu watumishi wapo wasiolijua. Insulini ndiyo inayoingiza sukari kwenye seli. Ikikosekana, mtu anakula lakini sukari inajaa kwenye damu, figo zinashindwa kuizuia na inatoka na mkojo. Mwili unabaki na njaa ilhali tumbo limeshiba, unaanza kujila wenyewe, mafuta na misuli, na uzito unashuka haraka. Mtoto wa aina ya kwanza analijua hili kabla hajafundishwa na yeyote. Alipogunduliwa alikuwa amekonda, na alipoanza sindano kilo zote zikarudi, pengine na za ziada. Mtaani wakamwambia, "Umenenepa siku hizi!" Kwa bibi yake hiyo ni sifa. Kwa binti wa miaka 15 anayeshinda na simu akitazama picha za wenzake, neno hilo linamchoma. Anaunganisha mambo mawili: nikichoma nanenepa, nikiacha nakonda. Na hapo hajakosea, ndivyo mwili wake unavyofanya. Ndiyo maana kumwambia "acha ujinga" hakujawahi kumsaidia.

Akiacha kabisa, mnajua kinachofuata. Mafuta yanayounguzwa mwilini yanazalisha ketoni, damu inakuwa na asidi, anatapika, anahema kwa nguvu, na ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa. Lakini wengi hawaachi kabisa, na hao ndio wanaotupita machoni. Wanachoma kiasi cha kuwaepusha na wadi tu, yuniti nne badala ya kumi na mbili. Au wanachoma ya asubuhi mama akiwaona na kuruka ya jioni. Mtu anaweza kuishi hivyo kwa miaka, sukari iko juu kila siku, macho, figo na mishipa ya fahamu vikiharibika polepole, huku yeye akisifiwa kwa umbo.

Nawaomba mtazame daftari moja la kuandikia vipimo vya sukari vya nyumbani. Ni la binti wa kidato cha tatu, na nimebadilisha mambo madogo asije akatambulika. Kurasa zimejaa, asubuhi na jioni, hakuna siku iliyorukwa. Namba zote ziko kati ya 6 na 9, sukari nzuri kabisa. Wino ni mmoja na mwandiko una haraka ileile toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kurasa ni safi, hazina tone la damu hata moja, na yeyote aliyewahi kushika madaftari ya watoto wa kisukari anajua kwamba daftari la kweli lina madoa. Nikaomba mashine yake ya kupimia. Ndani ya kumbukumbu yake kulikuwa na vipimo viwili tu. Kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita, kilisoma zaidi ya asilimia 14, juu mno. Kilo sita zilikuwa zimeondoka tangu kliniki iliyotangulia. Aliyemhudumia siku hiyo akamuuliza mbele ya mama yake, "Kwa nini unatudanganya?" Mama akaanza kulia. Kwenye faili ikaandikwa dozi iongezwe.

Nilikaa naye baadaye kwenye benchi karibu na famasi, nikamuuliza swali ambalo halimo kwenye fomu yetu yoyote: "Mwanangu, kuna siku unaacha insulini kwa ajili ya uzito?" Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Sista, nani kakwambia?"

Alidhani hakuna mwingine duniani anayefanya hivyo. Kumbe jambo hili limeandikwa miaka mingi. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 1992 unasema wazi, kwenye maelezo ya bulimia (ugonjwa wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha au kutafuta njia nyingine ya kutonenepa), kwamba mgonjwa mwenye kisukari anaweza kuamua kuacha insulini yake. Mwaka 2000 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa Kanada uliowalinganisha wasichana 356 wenye kisukari cha aina ya kwanza, wa miaka 12 hadi 19, na wenzao wasio na kisukari. Ugonjwa wa ulaji ulikutwa kwa asilimia 10 ya wenye kisukari, na kwa asilimia 4 ya wenzao. Utafiti mwingine wa Toronto, wa mwaka 1997, uliwafuatilia wasichana wenye kisukari hicho kwa miaka minne hivi. Kati ya waliokuwa na ulaji ulioharibika sana, asilimia 86 walikuwa wameanza kuharibika retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Kwa wale wasio na tatizo la ulaji ilikuwa asilimia 24.

Kisha kuna utafiti wa kituo cha kisukari cha Joslin, Boston, Marekani, uliochapishwa mwaka 2008. Wanawake 234 wenye kisukari cha aina ya kwanza walifuatiliwa kwa miaka 11. Mwanzoni asilimia 30 kati yao walisema wanapunguza insulini. Kundi hilo lilikuwa na hatari ya kufa mara tatu kuliko wenzao, na waliofariki walikufa wakiwa na wastani wa miaka 45, wakati wasiopunguza waliofariki walifikisha wastani wa miaka 58. Miaka 13 ya maisha imepotea hapo, na ni katika nchi ambayo insulini, vipimo na madaktari bingwa havikuwa shida.

Najua jibu litakalonijia, nimeshalisikia vikaoni: hayo ni magonjwa ya Wazungu, huku kwetu mtoto anaruka insulini kwa sababu hana. Sidharau hoja hiyo hata kidogo. Nimeona familia zikigawana chupa moja, na nimeona mtoto akishindwa kuchoma kwa sababu nyumbani hakuna cha kula baada ya sindano. Kazi ya Chama cha Kisukari Tanzania tangu mwaka 1985, mpango wa kuwapatia watoto insulini bure ulioanza mwaka 2009, na mkakati wa PEN-Plus ambao nchi za Afrika ziliupitisha Lomé, Togo, mwezi Agosti 2022 ili kupeleka huduma ya kisukari cha aina ya kwanza hadi hospitali za wilaya, yote hayo yameokoa watoto ninaowajua kwa majina. Lakini kadiri insulini inavyopatikana, ndivyo tutakavyowaona wazi wale wanaoiacha ikiwa ndani ya jokofu.

Na njia ya kuwaona ni rahisi. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Kijana anayetakiwa kuchoma yuniti 40 kwa siku anaimaliza kwa siku 25. Akirudi baada ya miezi miwili na chupa iko nusu, nyumbani kuna chakula na dawa alipewa za kutosha, hapo umaskini sio jibu. Mtu wa famasi anaweza kuligundua hili kabla ya daktari, endapo kuna aliyemwambia atazame.

Kuhusu Uzungu wa ugonjwa wenyewe: mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wasichana na wanawake wa Moshi, na matatizo ya ulaji yalikuwepo. Ilikuwa kabla simu janja hazijaingia mabwenini. Huku kwetu kukonda kumekuwa kukifichwa na maelezo mengine. Binti akipungua ghafla watu wananong'ona kuhusu Virusi vya UKIMWI, anapimwa, hana, kila mmoja anashusha pumzi na maswali yanaishia hapo. Au inasemwa ni mitihani. Au ni kufunga, iwe Ramadhani au maombi, na wapo wanaotumia kufunga huko kama kificho cha kutokula. Wavulana nao wamo, hasa hawa wa mazoezi ya kujenga mwili, ingawa kwao hatuulizi kabisa.

Waheshimiwa, sehemu inayoniuma zaidi ni kwamba kliniki zenyewe zinachangia kuujenga ugonjwa huu. Angalieni mzani wetu. Uko kwenye korido, mbele ya mabenchi, na kilo zinatajwa kwa sauti ili mwandishi aliyekaa mezani asikie. "Hamsini na nane! Umeongezeka!" Wamama ishirini wanageuka. Yule anayeogopa kunenepa ameshaamua kitu kabla hajafika kwa daktari.

Kisha yako mafundisho ya chakula. Ukutani kuna bango lenye alama nyekundu za mkato: wali, chapati, maandazi, ndizi mbivu, viazi, soda. Bango hilo limetengenezwa kwa ajili ya watu wazima wa aina ya pili, lakini mtoto wa aina ya kwanza naye analisoma, mama yake analishika, na nyumba nzima inageuka polisi wa sahani yake. Mtoto aliyekatazwa chapati mwaka mzima atakula tano siku ya harusi, nyuma ya nyumba, harakaharaka. Baada ya hapo anajiona mwenye hatia, na njia ya kufuta hatia anaijua: haichomi. Aina ya kwanza haihitaji orodha ya makatazo. Inahitaji mtoto afundishwe kulinganisha kiasi cha wanga na yuniti za insulini, ale alichopika mama yake pamoja na wenzake.

Insulini yenyewe pia ina lake. Wengi wa vijana wetu wanachoma ile ya mchanganyiko, ya haraka na ya polepole katika chupa moja, mara mbili kwa siku. Ukishaichoma imekufunga: lazima ule kwa saa, uwe na njaa usiwe nayo. Ukichelewa, sukari inashuka, mwili unatetemeka, jasho linakutoka, na unakula chochote kilicho karibu hadi akili ikurudie. Vijiko vitatu vya chai vya sukari vingetosha kuanzia, lakini asiyewahi kushukiwa na sukari usiku asimcheke anayemaliza mkate mzima. Kwa kijana ambaye tayari anauogopa mwili wake, usiku mmoja wa namna hiyo ni sababu ya kupunguza dozi kesho yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza insulini mpya za muda mrefu kwenye orodha ya dawa muhimu. Zikipatikana, naomba hawa wawe kati ya wa kwanza kufikiriwa, kwa sababu dozi moja ya siku nzima ndiyo inayowalinda na ketoni wakati tunatibu mengine.

Sasa, kutibu kwenyewe. Hapa naomba niende taratibu, maana hapa ndipo nia njema inapoua.

Kijana aliyeruka insulini kwa muda mrefu akirudishiwa dozi kamili kwa siku moja, mwili unashika maji. Miguu inavimba, uso unavimba, mzani unapanda kilo kadhaa ndani ya wiki chache. Ni maji, sio mafuta, na yanaondoka yenyewe baada ya muda. Lakini kama hakuna aliyemwambia mapema, ataona kile alichokiogopa miaka yote kimetimia ndani ya siku kumi, ataacha tena, na safari hii hatarudi kliniki. Zaidi ya hapo, sukari iliyokuwa juu kwa miaka ikishushwa ghafla, HbA1c ikaporomoka kwa zaidi ya pointi 2 ndani ya miezi mitatu, anaweza kupata maumivu makali ya mishipa ya fahamu, miguu ikawaka usiku kucha, na macho yaliyokwisha kuguswa yakazidi kuharibika. Kwa hiyo tunaanza na kilicho salama: insulini ya msingi, ile inayofanya kazi polepole kwa muda mrefu, kila siku, hata kama ni kidogo, ili asife kwa ketoni. Kisha tunapanda hatua kwa hatua kwa makubaliano naye. Sukari ya 15 kwa mtu aliyekuwa akiishi kwenye 28 ni ushindi, na aambiwe hivyo.

Wakati huohuo lazima kuwe na mtu wa kutibu hofu yenyewe, na hapa ndipo mgawanyo wetu wa huduma unapovunjika. Mtaalamu wa afya ya akili anayetibu tatizo la ulaji peke yake atamwambia: acha kuhesabu chakula, acha kutazama namba. Mtaalamu wa kisukari atamwambia: hesabu wanga, pima mara nne kwa siku. Kila mmoja ni sahihi kwa mgonjwa wake. Mgonjwa ni mmoja, na akipewa amri mbili zinazopingana anachagua ile inayomkondesha. Rufaa ya kumpeleka idara nyingine, au mkoa mwingine, haitoshi. Ukimwambia mzazi kwamba mwanawe aende Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, neno hilo pekee linamfanya aondoke asirudi, hata kama huduma ya huko ni nzuri. Mshauri aje kwenye kliniki ya sukari, siku ileile, mlango uleule.

Uingereza, pamoja na uwezo wao, walijikwaa hapahapa. Mwaka 2019 huduma ya afya ya England ilianza majaribio ya timu za pamoja, London na kusini mwa nchi, na mwaka 2022 ikaongeza maeneo mengine. Januari 2024 ikatoka ripoti ya uchunguzi wa wabunge ulioongozwa na Sir George Howarth na Theresa May, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu na ambaye mwenyewe anachoma insulini. Familia zilizopoteza watoto zilieleza jinsi walivyorushwa kati ya milango miwili, kisukari na akili. Sisi bado hatujajenga milango hiyo miwili katika hospitali nyingi za wilaya. Tunaweza kujenga mmoja tangu mwanzo, na kwa fedha kidogo kuliko zao.

Ninachoomba kwenu kifanyike wizarani ni hiki. Kwenye mwongozo wa matibabu na kwenye kadi ya kliniki liwekwe swali la uzito na insulini, aulizwe kila kijana kuanzia miaka 10 hadi 12 na kuendelea, akiwa peke yake bila mzazi, kwa upole. Lipo dodoso linaloitwa DEPS-R, maswali 16, linajazwa kwa chini ya dakika kumi, na alama 20 au zaidi zinaonyesha kwamba kijana anahitaji kuangaliwa kwa undani. Kliniki zote zilipate kwa Kiswahili ambacho mtoto wa Singida anakielewa. Neno "hafuati ushauri" liondolewe kwenye mafaili ya watoto, mahali pake iandikwe sababu. Kila timu ya kisukari cha watoto ipewe mtu mmoja aliyefunzwa ushauri wa matatizo ya ulaji. Akipatikana muuguzi wa afya ya akili kwa siku moja ya kliniki kila wiki, kazi inaanza. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeshapitishwa, vikao vya ushauri kwa wagonjwa hawa viwemo kwenye kitita cha huduma zinazolipiwa na bima, pamoja na vijiti vya kupimia sukari.

Kwa wenzetu wa elimu: mtoto wa bweni anayechoma insulini asifungiwe sindano zake ofisini kwa matroni hadi mlo umepita, wala asiachwe peke yake kabisa bila anayemwona. Anapokuwa kwenye matibabu haya, mtu mzima mmoja anayemwamini amwone akichoma, asubuhi na jioni, kwa miezi ya mwanzo. Nyumbani ni mzazi. Shuleni lazima awe mtu anayejulikana kwa jina na kliniki inayo namba yake ya simu.

Mzani nao uhamishiwe chumbani, na anayetaka kupima akiwa amegeuza mgongo aruhusiwe. Hilo halihitaji bajeti wala waraka, mganga mfawidhi anaweza kuliagiza leo.

Binti wa lile daftari yuko kwenye matibabu. Tumeyapanga kwa kuombaomba, mshauri akija kwa hiari yake siku asiyokuwa zamu. Wapo wengine kwenye orodha yangu ambao siku hiyo moja haiwatoshi. Niko tayari kuja Dodoma na wenzangu wa kliniki nyingine kueleza tunavyofanya na kinachokwama, siku mtakayotupangia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi, kliniki ya kisukari ya watoto na vijana

Nakala:
Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia
Chama cha Kisukari Tanzania
Wazazi wa watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza